Ngeli ya KI

Jumanne asubuhi baba aliomba kitu
na jina la kitu halikuja.
"Nipe kile," akasema, "kile... ki... ki..."
mkono wa kushoto ukichota hewa,
wa kulia umelala pajani kama wa mgeni.

Tukamletea kikombe. Akatikisa kichwa.
Kijiko. Kitana. Kitambaa cha shingo cha Kibuye.
Kiatu kimoja, kisha cha pili.
Mama Trufena akaburuta kiti, na baba yuko juu ya kiti.
Ogweno, wa darasa la tatu, akaruka: "Kisumu!"
Hapo akacheka. Kicheko kizima,
hicho hakikuguswa.

"Changu," akasema. "Kimepotea."
Sikia hiyo. Changu. Kimepotea.
Jina limezama, ngeli yake inaelea
kama kofia ya mtu aliyezama.

Kule Russia, wodi ya tatu, Bi. Nasipondi
alinichorea ubongo nyuma ya bili ya maji.
Mshipa mmoja, alisema, uliziba upande wa kushoto,
nao ulinywesha shamba dogo,
halizidi kidole gumba chako.
Humo majina huvunwa kabla jicho halijapepesa,
sauti zikapangwa, ulimi ukaitwa kazini.
"Na kuelewa?"
Akamgeukia baba: "Mzee Okumba,
kuku kaliwa na kicheche. Nani kashiba?"
Baba akaitazama picha ya kuku, kisha ya kicheche.
Kidole kikatua kwa kicheche.
Ile *w* katikati ya neno, ndogo kama punje ya wimbi,
aliiona ikipita.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkalimani
mahakama ya Winam.
Shahidi anasema Dholuo, baba anasema Kiswahili,
na sheria ya kazi: usiseme "yeye anadai."
Sema mimi.
Mimi niliiba ng'ombe wa Bwana Cheruiyot.
Mimi ni mjane, shemeji zangu wamehamisha mpaka.
Mimi sikuwa na panga, nilikuwa na fimbo.
Alirudi Migosi jioni amechoka na mimi za watu,
anakunywa chai bila neno,
nasi watoto tukidhani ana hasira.
Sasa ile mimi ya kwake
ndiyo haijarudi.

Ijumaa akaja karani wa zamani, Bwana Odemba,
akaweka Biblia mezani ili afungue soda.
Baba aliiona. Mkono wa kushoto ukapanda.
"Naapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba nitatafsiri kwa uaminifu
kutoka Dholuo hadi Kiswahili
bila kuongeza wala kupunguza."
Bila kukwama. Sauti ya kizimbani.
Soda ikamwagikia Odemba magotini.
Mama akalia, akadhani amepona.
Nikampigia Bi. Nasipondi. La, akasema, pole.
Hayo hayatafutwi neno kwa neno,
yamefungwa pamoja kama mabehewa,
likivutwa la kwanza yanakuja yote.
Mwombe atoe moja tu.
Nikamwomba: baba, sema Mungu.
Akanitazama kwa huruma,
kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Mpaka Jumapili nilikuwa nimeandika orodha:
kisu, kioo, kitanda, kibao,
kifungo, kidonge, kitabu cha posta.
Nilisoma nikiishinda redio ya jirani,
mashine ya posho, kwaya ya mtaa wa pili,
Ogweno akipiga sufuria.
"Ni kiberiti, baba? Ni kibeti? Ni kile kisanduku?"
Ki, ki, ki, nyumba nzima ikidonoa kama kuku.

Saa kumi na nusu stima ikapotea.
Redio ikakatika katikati ya tangazo.
Mashine ikajikokota, ikasimama. Kwaya ikatawanyika.
Hata Ogweno aliuacha mwiko hewani.

Baba akafumba macho.
Upande mmoja wa mdomo ukapanda polepole.
"Hicho," akasema.

Nikaangalia meza, sakafu, mikono yake.
Hapakuwa na kitu.
Nikafungua mdomo niulize kipi,
nikaufunga.